Kabla Hujanunua Bando Kubwa

  Baridi ya huku Njombe tunaijua, kwa hiyo funga dirisha, vuta kiti, tuzungumze.

Leo nazungumza na watu wa ofisi ndogo. Ofisi yenye kompyuta tatu, nne, labda kumi, rauta moja juu ya kabati, na mtu mmoja ambaye mtandao ukisumbua ndiye anayeitwa, ingawa hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Ni stesheneri ya Makambako, karibu na stendi, ambako vijana wanapanga foleni kuomba mkopo wa elimu ya juu au kutuma maombi ya ajira. Ni ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima wa parachichi. Ni shule ya sekondari inayosajili watahiniwa, ni zahanati, ni gesti, ni duka la pembejeo.

Malalamiko yao yanafanana. Mtandao uko taratibu. Ukibonyeza, duara linazunguka, linazunguka, halafu ghafla ukurasa wote unafunguka kwa mkupuo. Unabonyeza kwingine, duara tena. Mteja anaanza kuangalia saa. Na uamuzi unaofuata, karibu kila mahali, ni mmoja: ongeza bando, lipia kifurushi kikubwa zaidi. Wiki ikipita duara linazunguka vilevile, na pesa imeshakwenda.

Ninachotaka kukuambia jioni hii ni kimoja, na nitakirudia: kabla hujalipia kasi zaidi, jua kwanza muda wako unapotelea wapi. Unapotea njiani, data ikiwa inasafiri? Au unapotea kabla ya safari kuanza, kompyuta ikiwa bado inatafuta jina? Hayo ni matatizo mawili. Pesa inayomaliza la kwanza haigusi kabisa la pili.

Chukua lori la viazi lililotoka Njombe. Limefika Makambako salama, barabara ni ya lami, injini haina tatizo. Pale njia panda dereva anasimama. Apinde kushoto, aelekee Mbeya na Tunduma? Au kulia, aelekee Iringa hadi Dar es Salaam? Tajiri wake ndiye anayejua mzigo wa leo unashushwa wapi, na simu ya tajiri inaita bila kupokelewa. Dereva anasubiri, anapiga tena, anasubiri. Sasa niambie, msikilizaji: ukimpa dereva huyu lori lenye injini kubwa mara mbili, atafika sokoni mapema? Hatafika. Injini haikuwa na kosa.

Ndivyo ilivyo kwenye kompyuta yako. Wewe unaandika jina la tovuti, tuseme ya Baraza la Mitihani au ya Mamlaka ya Mapato. Lakini kwenye mtandao mashine zinafikiana kwa namba. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, kompyuta yako inauliza: jina hili namba yake ni ipi? Anayejibu ni seva ya majina, ile ambayo mafundi wanaiita DNS. Jibu lisipokuja, hakuna kinachotoka hapo, hata kama umelipia kasi ya kutosha wilaya nzima.

Zamani, mtandao ulipokuwa mchanga huko Marekani, majina yote yalikaa kwenye faili moja lililotunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI, California. Mwenye kompyuta alichukua nakala yake. Mtandao ulipokua, faili likashindwa kuhimili, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni utaratibu tunaoutumia hadi leo, ambao hakuna mahali pamoja panapotunza orodha nzima. Majina yanayoishia na .tz, ambayo yalianza mwaka 1995, yana seva zake. Seva ya majina unayoitumia inauliza ngazi kwa ngazi: kwanza seva za juu kabisa, kisha za .tz, kisha za taasisi yenyewe, ndipo inakuletea namba. Ikishaipata, inaikumbuka kwa muda ili isirudie kuuliza.

Mambo yakienda sawa, yote hayo yanakwisha katika sehemu ndogo ya sekunde, hata huhisi. Yakienda vibaya je?

Hapa naomba usikilize vizuri, maana ndipo ulipo mzizi wa lile duara. Kompyuta kwa kawaida huwa na namba mbili za seva za majina, ya kwanza na ya pili. Ikiwa ya kwanza imekufa, kompyuta haijui kwamba imekufa. Inaiuliza na kusubiri. Mashine ya Linux, ikiachwa kama ilivyotoka, inasubiri sekunde 5 kabla ya kuigeukia ya pili. Windows haina uvumilivu mrefu kiasi hicho, lakini nayo inasubiri. Halafu kumbuka kwamba ukurasa mmoja wa gazeti la mtandaoni hauna jina moja. Picha zinatoka kwenye jina hili, matangazo jina lile, video jina jingine. Yanaweza kufika ishirini. Kila jina jipya ni swali jipya, na kila swali linaweza kuanza kwa kumsubiri aliyekufa. Ndiyo maana ukurasa unakwama, unafunguka kwa mkupuo, kisha unakwama tena. Ukiona mwenendo huo, kukwama kisha kufunguka kwa kasi, shuku majina. Mtandao ambao njia yake imejaa una sura nyingine: picha inashuka mstari kwa mstari, video inakatika katikati, faili linapanda polepole mwanzo hadi mwisho.

Lakini seva ya majina inakufaje bila mtu kujua? Katika ofisi zetu sababu kubwa ni namba zilizoandikwa kwa mkono na kusahaulika. Fundi alikuja miaka kadhaa iliyopita, akaingia kompyuta moja baada ya nyingine, akaandika namba ya seva iliyokuwepo wakati ule. Baadaye seva ile ikapigwa na radi, au ikauzwa. Au ofisi ikahama mtoa huduma mmoja kwenda mwingine. Hili la kuhama linawapata wengi. Seva za majina za mtoa huduma mara nyingi hujibu wateja wake tu. Siku uliyohama ulikoma kuwa mteja, lakini kompyuta zako bado zinabisha hodi kule kwa zamani.

Sasa tupime. Na tupime wenyewe, kwa sababu nauli ya kumtoa fundi Iringa au Mbeya mnaijua.

Kipimo cha kwanza hakihitaji ujuzi wowote. Chukua simu yako, zima Wi-Fi, washa bando la simu lenyewe, fungua tovuti ileile inayokusumbua. Imekwama huko pia? Basi ofisi yako haina kosa. Siku ya matokeo ya kidato cha nne nchi nzima inabisha mlango mmoja, na hapo hakuna rauta itakayokuokoa. Inawezekana pia mwenye jina hakulipia ada ya mwaka na jina limezimwa, jambo ambalo shule na vyama vyetu vinapaswa kuliangalia, maana jina la .sc.tz au .or.tz lina tarehe yake ya kuisha. Lakini kama kwenye simu tovuti imefunguka upesi na kwenye kompyuta haifunguki, tatizo liko upande wako au upande wa mtoa huduma wa ofisi. Tuendelee.

Kaa kwenye kompyuta ya Windows. Andika herufi tatu kwenye sehemu ya kutafutia: c, m, d. Litafunguka dirisha jeusi. Usiliogope, halitavunja kitu. Andika ping, acha nafasi, kisha namba ya rauta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na imeandikwa kwenye kibandiko chini ya rauta. Kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, majibu yanatakiwa kurudi kwa milisekunde 1 au 2. Yakirudi kwa mamia, au mengine yakapotea, usimpigie mtu wa nje simu bado. Angalia waya, swichi, au ukuta wa tofali unaoizuia Wi-Fi.

Rauta ikijibu vizuri, piga hatua ya pili. Andika ping 8.8.8.8. Hapo umeuliza mashine ya nje kwa namba, bila kutumia jina lolote. Ikijibu, barabara ipo. Halafu andika ping na jina la tovuti. Narudia, maana hapa ndipo penye jibu: kwanza kwa namba, kisha kwa jina. Namba ikijibu na jina likigoma, umempata mhusika. Bando lako halina shida, barabara yako haina shida, majina ndiyo yanakuchelewesha.

Tahadhari moja hapa. Tovuti nyingi zimezuia ping kwa usalama wao, kwa hiyo usihukumu kwa kuangalia kama tovuti imejibu. Angalia kama kompyuta imeweza kuandika namba mbele ya jina. Namba ikitokea, jina limepatikana, hata kama tovuti yenyewe imenyamaza.

Ukitaka kumjua anayechelewesha, andika nslookup, nafasi, kisha jina la tovuti. Mistari ya juu itakuonyesha seva ipi inaulizwa. Isome hiyo namba kwa makini. Ni ya nani? Ni ya rauta? Ni ya mtoa huduma wa sasa? Au ni namba ambayo hakuna mtu ofisini anayeijua? Kisha uliza tena jina lilelile, lakini mwishoni ongeza nafasi na 8.8.8.8. Ukiona swali la kwanza limekwama na la pili limejibiwa papo hapo, huhitaji ushahidi zaidi.

Na marekebisho? Ingia kwenye kompyuta, futa zile namba zilizoandikwa kwa mkono, iache ipokee kila kitu kutoka kwa rauta yenyewe. Kisha ingia kwenye rauta na uweke seva mbili za majina zilizo hai. Sehemu moja, mara moja, kwa kompyuta zote. Mimi napenda ya kwanza iwe ya mtoa huduma wako na ya pili iwe ya umma. Zipo 8.8.8.8 ya Google iliyoanza mwaka 2009, 9.9.9.9 ya Quad9 ya mwaka 2017, na 1.1.1.1 ya Cloudflare ya mwaka 2018, zote bila malipo. Wapo mafundi wanaotaka zote mbili ziwe za umma, na wana hoja, kwa sababu seva za baadhi ya watoa huduma zinazidiwa. Lakini seva ya karibu huwa inakuelekeza kwenye nakala ya karibu ya video au picha, na kwa ofisi ya Njombe hilo lina uzito. Pima kwa nslookup, uchague ile inayojibu upesi kwako. Mwisho, kwenye kila kompyuta andika ipconfig, nafasi, mkwaju, flushdns, ili isahau majibu ya zamani.

Ninasisitiza barabara na majina kwa sababu tumewahi kuona vyote viwili vikianguka, tena hadharani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hiyo ilikuwa barabara imekatika, na hakuna mpangilio wa majina ambao ungeirudisha. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita. Nyaya zilikuwa nzima na mitambo yao ilikuwa inawaka. Katika matengenezo ya ndani, kampuni yenyewe ilijikata kutoka kwenye mtandao, na seva zake za majina zikawa hazifikiki. Kila simu iliuliza jina, na hakuna aliyejibu. Watu wengi siku ile walizima na kuwasha rauta zao, wengine wakanunua bando jipya. Laiti wangefungua tovuti nyingine yoyote, wangeiona inafunguka, na wangejua.

Kabla ya waya wa kwanza wa Seacom kufika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano yetu na dunia yalipanda kwenye setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Kwenda na kurudi tu ilikuwa karibu nusu sekunde, hata anga ikiwa tupu. Ofisi zilizotumia madishi yale zilijua gharama ya kuuliza jina mara ishirini. Leo njia ni fupi mno kuliko ile, kwa hiyo ukisubiri sekunde tano nzima kwa jina moja, usikubali kuambiwa ni kawaida ya mikoani.

Yapo mambo mengine mawili matatu yanayojificha nyuma ya maneno "mtandao unasumbua."

La kwanza ni rauta ya pili. Ofisi inataka Wi-Fi ifike chumba cha nyuma. Mtu ananunua rauta nyingine, anachomeka waya, taa zinawaka, kila mtu anafurahi. Kesho yake kompyuta mbili hazifungui kitu, keshokutwa ni nyingine mbili. Kinachotokea ni kwamba rauta zote mbili zinagawa namba, na kila kompyuta inapokea kutoka kwa iliyowahi kujibu. Iliyopokea kutoka kwa rauta isiyo na njia ya kutoka nje inakwama. Andika ipconfig, mkwaju, all, uone ni nani aliyeigawia namba. Kwenye ile rauta ya pili, zima ugawaji wa namba, yaani DHCP, ibaki kutawanya Wi-Fi tu. Na kompyuta ikionyesha namba inayoanza na 169.254, maana yake imeomba namba na hakuna aliyeipa. Hiyo anza na waya.

La pili linatokana na umeme. Umeme ukikatika mara kwa mara, kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya saa imekwisha inarudi miaka mingi nyuma. Inawaka ikidhani ni mwaka 2009. Kabla ya kuziamini tovuti salama, za benki, za serikali, za barua pepe, kompyuta inakagua vyeti vyao kwa tarehe iliyo nayo. Inakataa. Mhudumu anasema mtandao hakuna, na mtandao upo. Angalia pembe ya chini ya kioo: tarehe ni ya leo? Betri ile ni ya bei ndogo sana. Na msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi za nyanda hizi zinapoanza kunguruma, chomoa umeme wa rauta na waya wa mtandao pia. Wengi wanachomoa umeme peke yake, na radi inapita kwenye ule waya mwingine.

La tatu ni la usalama, na nalichukulia kwa uzito mkubwa. Nywila ya rauta ile iliyotoka nayo dukani, ibadilishe. Anayeingia kwenye rauta yako anaweza kubadilisha seva ya majina, na kuanzia hapo yeye ndiye anayejibu kila swali. Unauliza benki yako iko wapi, anakupeleka kwake. Mwaka 2011 polisi wa Estonia na wapelelezi wa Marekani walivunja genge lililokuwa limebadilisha seva za majina kwenye kompyuta zaidi ya milioni 4 katika nchi zipatazo 100. Madhara yalikuwa makubwa kiasi kwamba seva za genge lile zilibadilishwa na seva safi zilizoachwa zikifanya kazi hadi tarehe 9 Julai 2012, ili watu wasikatikiwe mtandao kwa ghafla. Kwa hiyo ile namba usiyoijua kwenye nslookup, niliyosema uisome kwa makini, usiipite tu kwa sababu tovuti zinafunguka.

Na kama umepima yote haya na majina hayana kosa? Basi barabara imejaa. Zima kompyuta zote isipokuwa moja, upime tena. Ukiona kasi imerudi, tafuta simu zinazopandisha picha usiku na mchana, au Windows inayojisasisha kwenye mashine zote kwa wakati mmoja. Ukiona haijarudi, sasa una haki kamili ya kumpigia mtoa huduma wako.

Ukimpigia, usimwambie mtandao uko taratibu. Atakujibu uzime rauta na kuiwasha, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha. Mwambie hivi: rauta yangu inajibu kwa milisekunde 2, 8.8.8.8 inajibu vizuri, lakini seva yenu ya majina, na umtajie namba yake, haijibu kuanzia saa nne asubuhi. Nimeuliza jina hilohilo kwa seva nyingine, nimejibiwa mara moja. Mwenye maneno hayo anapitishwa kwa fundi. Uwe na daftari karibu na rauta, lenye namba ya rauta, seva za majina ulizoweka, tarehe uliyoziweka, na jina la aliyeziweka. Ukihamishwa kituo cha kazi, mkabidhi daftari hilo anayekupokea pamoja na funguo za ofisi.

Mama wa stesheneri, mwalimu, katibu wa ushirika, kesho asubuhi kabla wateja hawajaingia mna dakika kumi za kufungua lile dirisha jeusi. Namba kwanza, jina baadaye.